Computer, Mwamba na Fundi Asiye na Gazeti

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mashine zilizofungwa Hazina zilikuwa zimevuruga hesabu badala ya kuzinyoosha, na fedha za kigeni zilikuwa chache. Mwaka huohuo, Agosti 10, Simba na Yanga zilikutana Uwanja wa Nyamagana, Mwanza, kuamua bingwa wa taifa. Adam Sabu aliifungia Simba mapema. Gibson Sembuli akasawazisha mpira ukielekea ukingoni, na katika muda wa nyongeza Sunday Manara akafunga la pili. Yanga 2, Simba 1.

Huyo Manara ndiye nchi nzima ilimjua kwa jina la Computer. Nchi iliyokataza kompyuta ilikuwa nayo moja, inavaa jezi ya Yanga. Wengi waliomwita hivyo hawakuwahi kuiona mashine yenyewe. Walichojua ni kwamba inafikiri haraka kuliko binadamu, na hilo lilitosha.

Nimeanza na Manara kwa sababu kila nikikaa na wazee wa Tunduma kuzungumzia mpira, tunaishia kwake. Ninasoma shahada ya umahiri katika historia, na tasnifu yangu inahusu namna watu wa mpakani walivyoujua mpira wa taifa kabla ya televisheni. Mada hii niliichagua kwa sababu ya neno moja ambalo limenisumbua tangu nikiwa mdogo: uwezo binafsi. Mtangazaji akiona mchezaji amewapita mabeki watatu na kufunga, anapaza sauti, "Goli la uwezo binafsi!" Kijiweni nako ubishi ukikwama, mtu huuliza, "Sawa, timu iliwabeba. Lakini kwa uwezo binafsi, nani zaidi?" Swali hilo linachukulia kwamba unaweza kuwaondoa wenzake kumi, ukaondoa kocha, ukaondoa uwanja na mwamuzi, halafu akabaki mtu mmoja na mpira, na huyo ndiye umpime.

Wamarekani wana ugonjwa huohuo. Katika mpira wao wa mikono na kofia ngumu kuna mchezaji anayeitwa kwotabeki, ambaye karibu kila shambulio huanzia mikononi mwake, na mashabiki hawachoki kuwapanga makwotabeki kwa namba. Tom Brady ana mataji saba ya Super Bowl. Dan Marino hana hata moja, na bado wako watu wazima wenye akili timamu wanaoapa kwamba kwa kurusha mpira tu, Marino alikuwa juu. Kwetu anayekaribia nafasi ile ni namba kumi, kiungo anayechezesha timu, yule tunayemwita fundi. Ubishi wake ni uleule: fundi bila kombe ni fundi?

Tunduma ni mahali pazuri pa kuulizia jambo hili, kwa sababu mpira mkubwa haujawahi kuwa wetu. Ni mji wa malori na reli ya TAZARA, wa kubadilisha kwacha, wa kwenda Nakonde asubuhi na kurudi jioni. Mkoa wa Songwe wenyewe ulizaliwa mwaka 2016 ukitolewa ubavuni mwa Mbeya. Aliyetaka kuiona ligi kuu kwa macho alisafiri zaidi ya kilomita 100 hadi Uwanja wa Sokoine. Nyanda za juu zilipata furaha zake: Tukuyu Stars ilitwaa ubingwa mwaka 1986, na Mbeya City ikapanda na kumaliza ya tatu msimu wa 2013/14. Lakini mafundi wenyewe, wale wa kubishaniwa, walikuwa Dar es Salaam, na Dar es Salaam ilitufikia kwa redio.

Hapa ndipo historia inapoanza kunikaba. Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970, sisi hatukuwa nayo. Kwa hiyo mtu wa Tunduma aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1974 alimjua Manara kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam, redio ya betri imewekwa dirishani na watu wamezunguka. Mtangazaji alikuwa ndiye jicho. Akisema Manara amempiga mtu chenga, basi amepigwa chenga. Akisema uwanja umenyamaza, mnanyamaza na nyinyi. Watangazaji kama Ahmed Jongo, na baada yake Charles Hilary, walikuwa mafundi wa aina yao, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita uwezo binafsi wa wachezaji wa zama hizo kimetufikia kikiwa kimeshapita kwenye ufundi wa mtu mwingine.

Magazeti hayasaidii sana. Nimepitia kurasa za michezo za miaka hiyo hadi vidole vikawa vyeusi. Yanaandika nani kafunga na dakika ya ngapi. Aliyetoa pasi ya mwisho hatajwi mara nyingi, wala nani alipoteza mpira mara ngapi. Kwa mshambuliaji hiyo si shida kubwa, mabao yake yamehifadhiwa. Abdallah Kibadeni alifunga matatu Julai 19, 1977, Simba ilipoifunga Yanga 6-0, na hayo matatu hakuna wa kumnyang'anya. Kwa kiungo ni balaa. Kazi yake ni kumfanya mwingine aandikwe gazetini.

Ng'ambo ya pili kulikuwa na sauti nyingine. Wazee wetu walizisikia pia redio za Zambia, na Dennis Liwewe akitangaza kwa Kiingereza kwa kasi ambayo hata asiyejua Kiingereza alijua kuna hatari langoni. Ndiyo maana orodha za Tunduma hazifanani na za Dar es Salaam. Mzee wa Kariakoo atakupangia Simba na Yanga. Mzee wa Tunduma anaweza kuanza na Godfrey Chitalu wa Kabwe Warriors na asione kama amevuka mpaka. Wanyamwanga wako pande zote mbili, harusi ziko pande zote mbili, kwa nini mpira usiwe?

Kisa cha Chitalu kinafaa kusimuliwa. Mwaka 2012 Lionel Messi alifunga mabao 91 ndani ya mwaka mmoja na dunia ikashangilia rekodi. Shirikisho la mpira la Zambia likainua mkono: Chitalu alifunga 107 mwaka 1972. FIFA ikajibu kwamba haina kumbukumbu za mashindano ya ndani ya nchi, kwa hiyo haiwezi kuithibitisha rekodi hiyo. Chitalu mwenyewe hakuwepo kujitetea. Alikufa Aprili 1993 katika ajali ya ndege pwani ya Gabon, akiwa kocha wa timu ya taifa, pamoja na kizazi kizima cha wachezaji. Nilipowasimulia wazee jibu la FIFA, mmoja alicheka. "Kwa hiyo mabao yalifungwa, ila hayakuingia," akasema. Yule alikuwa mabao, kitu kinachohesabika kwa vidole. Sasa fikiria pasi.

Nilizungumza na wazee tisa. Kila mmoja nilimwomba anipangie watano kwa uwezo binafsi, kisha nikamuuliza swali moja: huyu ulimwona wapi? Wanane walimweka Manara katika mbili za juu. Katika hao wanane, aliyewahi kumwona Manara akicheza alikuwa mmoja tu.

Huyo mmoja alikuwa utingo wa lori la mizigo, Dar es Salaam hadi Tunduma na kurudi, na safari moja lori lilipoharibika alibaki mjini siku kadhaa na kuingia uwanjani. Hakumbuki Yanga ilicheza na nani. Hakumbuki matokeo. Nilimkuta kijiweni upande wa Mpemba, kahawa mkononi, na alikuwapo kijana mmoja anayebadilisha fedha, wa umri wangu, ambaye ni Simba hadi kwenye kava la simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja tena na daftari."

Nikamuuliza alichokiona siku ile. Nilitegemea chenga, kanzu, tobo. Akafikiri kidogo.

"Alisimama," akasema.

"Alisimama vipi?"

"Alisimama na mpira. Katikati ya watu. Wote wanamtazama, hakuna anayekwenda. Kama wewe una fimbo na mbwa wanajua. Halafu akatoa pasi, na mimi nilikuwa nimeshasahau kupumua."

Kijana akadakia, "Babu, huyo ni Chama! Hata Chama anasimama hivyohivyo."

"Chama wa Zambia?"

"Chama wa Simba!"

"Wa Zambia," mzee akasema, akamalizia kahawa yake.

Sijui kama wenyewe walielewa walichonipa. Mtu wa miaka sabini na kitu na mtu wa miaka ishirini na kitu, bila kupanga, walikuwa wamekubaliana juu ya kipimo, na hakikuwa mabao, makombe wala mbio. Walikuwa wakimpima mchezaji kwa namna anavyowafanya wengine wasubiri. Na kipimo hicho, tofauti na mambo mengi ya mpira wa zamani, kinaweza kuangaliwa kwa yule ambaye picha zake zipo.

Clatous Chama alijiunga na Simba mwaka 2018. Desemba 23 mwaka huo Simba iliikaribisha Nkana ya Kitwe, Ligi ya Mabingwa Afrika, ikiwa imefungwa 2-1 kule Zambia. Tunduma siku hiyo ilikuwa mji wa watu wawili wawili wasioelewana. Ubao unasoma 2-1, jumla sare, dakika zinaisha, na Chama anaumalizia mpira kwa kisigino. 3-1. Machi 16, 2019, dhidi ya AS Vita ya Kinshasa, akafunga tena dakika za mwishoni, Simba ikaingia robo fainali. Wakamwita Mwamba wa Lusaka. Mwaka 2021 akaenda Berkane ya Morocco, haikumkaa, akarudi Januari 2022. Mwaka 2024 akavuka barabara kwenda Yanga, na kuna watu Tunduma ambao hadi leo hawalitaji jina lake wakiwa wanakula.

Azam TV ilianza kurusha ligi mwaka 2013, kwa hiyo karibu kila kitu alichofanya Chama hapa nchini kipo. Niliangalia mechi zake nyingi kwa wiki kadhaa, nikitafuta tu zile sekunde anazosimama. Zipo. Anaupokea mpira kama aliyeagizwa dukani na kusahau kilichomtuma. Beki anapunguza mwendo kwa sababu Chama amepunguza, na pasi inatoka wakati beki ameshajisahau. Mchezaji mwenye kasi anampita mtu kwa miguu. Huyu anampita kwa saa.

Lakini picha ina ubaya wake. Chama tunamwona akikosea. Tunamwona anatembea wakati wenzake wanakaba, tunamwona mechi anazozimika kabisa. Manara wa redioni hakuwahi kutembea, kwa sababu mtangazaji hamtaji mtu asiye na mpira. Kumlinganisha mmoja na mwingine ni kama kulinganisha marehemu na jirani: marehemu wote walikuwa wema.

Nilitafuta basi ushahidi juu ya Manara usiotoka kwa shabiki wa Yanga wala kwa mtangazaji. Upo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alikwenda Uholanzi kuchezea Heracles ya Almelo, na anatajwa kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza soka la kulipwa Ulaya. Baadaye alicheza pia Austria na Dubai. Wakati ule mpira wetu ulikuwa wa ridhaa. Hakukuwa na wakala mwenye kompyuta mpakato, hakukuwa na mkanda wa kumtumia kocha wa Ulaya. Mtu alipaswa kuwashawishi wageni kwa miguu yake, mbele ya macho yao, miongoni mwa wenzake ambao hawajui hata kumwita kwa lugha yake. Kwangu hicho ndicho kipimo kikali kuliko vyote cha uwezo binafsi. Mbadilishie mtu wenzake na uone kama ufundi unasafiri.

Kuna upande wa pili ambao wapenzi wa Manara hawaupendi. Agosti 1979 Taifa Stars ilikwenda Ndola ikiwa na ushindi wa 1-0 wa Dar es Salaam. Zambia ikaongoza, na muda ukiwa umekaribia kwisha Peter Tino akasawazisha. Tanzania ikaenda fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 1980 kule Lagos, na haikurudi huko tena hadi 2019. Manara hakuwamo katika kikosi cha Lagos. Walikuwamo Leodegar Tenga, Jella Mtagwa, Juma Mkambi aliyeitwa Jenerali, Thuwein Ally, golini Athumani Mambosasa na Juma Pondamali. Walifungwa na Nigeria 3-1, na Misri 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Timu iliyofika mbali kuliko zote za kizazi kile ilifika bila fundi wake mkubwa. Mwenye kuamini timu atasema hapo kesi imeisha. Mimi nasema kesi ilikuwa nyingine. Tulikuwa tunampima mtu, hatukuwa tunapima safari.

Mwaka huohuo wa 1979 Simba ilifungwa 4-0 nyumbani na Mufulira Wanderers, ikaenda Lusaka na kushinda 5-0. Nimeuliza wazee ushindi ule wanampa nani. Wengi husema Thuwein Ally, kwa mabao yake. Mmoja akasema, "Wampe dereva wa basi," na sikupata maelezo zaidi.

Basi, kwa kuwa nimewasumbua watu watoe orodha, ni haki nitoe yangu. Naongelea wachezeshaji tu, waliocheza ligi yetu, bila kujali pasipoti. Sheria zinaruhusu klabu kusajili wageni, na kubagua kwa uraia kijiweni Tunduma ni kujitafutia ugomvi. Wa kwanza, Sunday Manara, kwa ushahidi wa Almelo na wa utingo. Wa pili, Chama, pamoja na Berkane yake, kwa sababu akiwa kwenye siku yake sijaona mwingine anayeimiliki saa namna ile. Wa tatu, Haruna Niyonzima, ambaye watu wamemsahau haraka mno. Alitoka Rwanda kuja Yanga mwaka 2011 na kwa miaka kadhaa mpira wa nchi hii ulipita mguuni kwake. Wa nne, Stephane Aziz Ki. Najua, mabao 21 msimu wa 2023/24, mfungaji bora mbele ya Feisal Salum mwenye 19. Mguu wake wa kushoto unatisha. Lakini namwona zaidi kama mpigaji kuliko mchezeshaji, na pembeni yake alikuwa na Pacôme na Maxi, wanaume wa kukubebea mizigo.

Mbwana Samatta simo naye kwenye orodha hii kwa sababu ya nafasi anayocheza, ingawa kwa kipimo changu cha ufundi kusafiri hana mpinzani. Mfungaji bora wa Ligi ya Mabingwa Afrika 2015 akiwa na Mazembe, mabao 23 na ubingwa wa Ubelgiji akiwa Genk 2018/19, bao kwenye fainali ya Kombe la Ligi Wembley mwaka 2020 akiwa Aston Villa. Ajabu ni kwamba katika wale wazee tisa ni wawili tu walimtaja. Wengine walisema ni mchapakazi. Kuna dharau ndani ya neno hilo. Kijana aliyepata kila kitu hadharani, mbele ya kamera, kwao anaonekana amekifanyia kazi, na fundi wa kweli anatakiwa awe amezaliwa nacho.

Nafasi ya tano imenichukua muda mrefu kuliko zote. Wazee watatu, wasiokaa kijiwe kimoja, waliniwekea mtu ambaye simpati gazetini popote. Alikuwa wa hapahapa. Alicheza timu ya wafanyakazi wa reli, na Jumamosi nyingine alivuka na kuichezea timu ya Nakonde kwa chakula na nauli. Utingo alimweka wa pili, chini ya Manara tu, na huyu alimwona mara nyingi kwa macho yake, si kwa redio. Wote watatu wanasema alikuwa wa mguu wa kushoto. Wawili wanasema alicheza pekupeku hata alipopewa viatu. Mmoja anasema timu ya Dar es Salaam ilituma mtu kumfuata, na mama yake akakataa. Alifariki miaka ya 1990. Jina lake silitaji hapa kwa sababu nimempata binti yake wiki mbili tu zilizopita na bado hatujazungumza vya kutosha.

Kwenye rasimu ya sura ya tatu niliandika jina hilo katika namba tano. Msimamizi wangu alilizungushia kalamu nyekundu, akaandika pembeni: chanzo? Nimemjibu kwa tarehe tatu za mahojiano, na jina bado limo.